Saa 31 au saa 9? Naomba kuelewa hatua za uchungu zinahesabiwa kuanzia wapi

#1 Tumaini la Kwanza
Habari zenu wakuu. Nimejifungua wiki 6 zilizopita, uzazi wa kwanza, mimi mzima na mtoto mzima. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba waliopitia na wenye ujuzi wanisaidie.

Tumbo lilianza kukaza Alhamisi saa 2 usiku. Mtoto katoka Jumamosi saa 9 usiku. Hesabu yangu ni saa 31. Juzi napanga makaratasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa, nakuta imeandikwa muda wa uchungu: saa 9. Nimeisoma mara tatu. Ijumaa nzima imeenda wapi?

Mlolongo ulikuwa hivi. Ijumaa saa 12 asubuhi napimwa njia, sentimita 3. Saa 6 mchana, 4. Saa 10 jioni, bado 4. Wakati huo nilikuwa siwezi kuongea likinishika, na nesi mmoja akaniambia "bado hujaanza uchungu". Saa 12 jioni, 5. Baada ya hapo mambo yakakimbia: saa 7 usiku njia yote imefunguka, nikasukuma karibu saa 2.

Maswali yangu: leba ina hatua ngapi na kila moja inaanzia wapi? Na kwa nini nilikwama pale kwenye 4?

#2 Mama Watatu
Hongera sana mdogo wangu. Saa 31 ni saa 31, usikubali zipunguzwe. Wa kwanza wangu nilihangaika saa 26, wa pili 8, wa tatu sikuzidisha 3, nilifika mlango wa wodi kichwa kinaonekana. Wote watatu niliumwa kuanzia dakika ya kwanza.

#3 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Hongera mama. Nitajaribu kukujibu bila kukuchosha.

Hatua ni tatu, wengine tunahesabu na ya nne. Ya kwanza ni ya njia kufunguka, tangu uchungu unaanza mpaka sentimita 10. Ya pili ni kutoka 10 mpaka mtoto azaliwe. Ya tatu ni kutoka mtoto mpaka kondo la nyuma. Ya nne ni zile saa 2 za mwanzo baada ya hapo, za kukulinda usitoke damu.

Utata wako uko ndani ya hatua ya kwanza, kwa sababu ina vipande viwili. Kuna kipande cha polepole, uchungu unakuja na kupotea, shingo ya kizazi inalainika, inakuwa fupi na nyembamba, njia inafunguka kidogo kidogo. Halafu kuna kipande cha kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 unaanza kuhesabu kasi hiyo kwenye sentimita 5. Kipande cha polepole hakikuwekewa muda maalumu, maana kinatofautiana mno kati ya mama na mama. Kile cha kasi kwa kawaida hakizidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza, na saa 10 kwa wanaofuata.

Wewe 5 yako ilikuwa saa 12 jioni, mtoto saa 9 usiku. Hizo ndizo saa 9 zilizoandikwa. Waliojaza karatasi hawakudanganya. Lakini kukwambia "hujaanza uchungu" hapo walikosea. Ulikuwa ndani ya hatua ya kwanza tangu Alhamisi.

#4 Kalamu Nyekundu
Mkunga #3 samahani kidogo. Mimi chuoni nilifundishwa kasi inaanzia sentimita 4, na baada ya hapo sentimita 1 kila saa. Ndivyo patografu, ile karatasi ya mchoro wa kufuatilia uchungu, ilivyochorwa. Kuna kitabu kingine nimesoma wanasema 6. Sasa 4, 5 au 6?

#5 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Kalamu, hukufundishwa uongo, ulifundishwa cha wakati ule. Miaka ya 1950 daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, aliwafuatilia wazazi wa kwanza 500 akachora mchoro wa jinsi njia inavyofunguka. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia (Zimbabwe ya leo), wakachukua wazo hilo wakaweka mistari miwili: mstari wa tahadhari, na mstari wa kuchukua hatua uliokaa saa 4 mbele yake. Lengo lilikuwa mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue mapema wa kumhamisha. Ule mchoro umeokoa watu wengi.

Tatizo ni sentimita 1 kwa saa kugeuzwa sheria. Mwaka 2010 timu ya mtafiti Zhang ilipitia kumbukumbu za wazazi zaidi ya 62,000 wa Marekani ikaona wengi hawashiki kasi mpaka wafike 6, na kutoka 4 kwenda 5 kunaweza kuchukua saa nyingi na bado mama akajifungua salama. WHO wakaja na 5, na mwaka 2020 wakatoa karatasi mpya ya kufuatilia uchungu isiyo na ule mstari wa sentimita 1. Wodi nyingi bado zinatumia ya zamani, kwa hiyo utakuta zamu moja inahesabu kuanzia 4 na nyingine 5.

#6 Kalamu Nyekundu
Nimekuelewa, asante. Ila kama tungetumia 4, dada yetu angeandikiwa saa 15. Mama mmoja, mtoto mmoja, muda tatu tofauti.

#7 Mama Watatu
Ndicho ninachosema!! Mimi namhesabia tangu Alhamisi 😀

#8 Baba wa Wawili
Wakuu, nichangie kwenye swali la kukwama, kwa upande wa baba. Mtoto wa kwanza niliachwa kwenye benchi la nje. Wa pili waliniruhusu kuingia, nikaona kwa macho yangu.

Mke wangu alikuwa anaenda vizuri, uchungu mara 3 ndani ya dakika 10. Zamu ikabadilika. Ikawashwa taa kubwa, wakaingia watu wanne asiowajua, mmoja anauliza jina, mwingine anavaa glovu. Uchungu ukakatika. Kimya, kama dakika 40. Walipotoka nikazima taa, akasimama, akaegemeza paji la uso ukutani, mimi nimebana viganja kwenye nyonga zake kwa nyuma kama alivyoniambia. Ukarudi. Sijasoma udaktari, lakini mimi naamini hofu inafunga njia.

#9 Mwanagenzi
Baba #8, uliyoyaona yana maelezo. Mama akiogopa mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini nyingi inaweza kupunguza nguvu ya mji wa mimba kukaza. Ndiyo sababu moja WHO wanapendekeza mama awe na mtu wake aliyemchagua mwenyewe muda wote wa leba.

#10 Mgongo wa Chuma
Hofu ipo, lakini tusiwabebeshe akina mama lawama kwamba wamekwama kwa kuogopa. Mimi sikuogopa kitu na nilikaa kwenye 4 saa 7. Mtoto wangu alikuwa amekaa uso mbele, kisogo chake kinagonga uti wangu wa mgongo. Maumivu yote yalikuwa mgongoni, tumbo karibu sikulisikia. Kichwa kikikaa hivyo kinakuja na upana mkubwa zaidi na hakikandamizi shingo ya kizazi sawasawa, kwa hiyo njia inachelewa. Mkunga mmoja mtu mzima aliniweka nimepiga magoti na mikono chini, kama naosha sakafu, akanisugua mgongo. Sijui baada ya muda gani nilihisi kitu kizito kinazunguka ndani, nikapiga kelele si za maumivu, za mshangao. Nilipopimwa, 7.

Tumaini, wewe uliumwa wapi, mbele au nyuma?

#11 Tumaini la Kwanza
Mgongo wa Chuma umenifanya nikae kitako. NYUMA. Kuanzia usiku ule wa Alhamisi. Nilikuwa namwambia mama anibonyeze mgongo mpaka mikono ikamchoka.

Nimekumbuka na jingine. Kama saa 11 jioni walinitoa mkojo kwa mpira, ulikuwa mwingi sana, tangu asubuhi nilikuwa sijakojoa. Saa moja baadaye ndiyo nikapimwa 5.

#12 Shangazi Yenu
Basi ni kibofu, uzi ufungwe. Kibofu kikijaa kichwa kinashindwa kushuka, sisi tulikuwa tunainuliwa kwenda msalani kila baada ya saa 2 utake usitake.

#13 Mwanagenzi
Shangazi, uzi usifungwe bado, maana mimi nina wazo kwamba Tumaini hakukwama kabisa.

Kupima njia ni vidole viwili vinavyokadiria. Wapimaji wawili wanaweza kutofautiana sentimita nzima kwa mama yule yule. Saa 6 mchana alipima mtu mmoja, saa 10 pengine mwingine. Halafu sentimita ni kitu kimoja tu kati ya vingi. Shingo ya kizazi ya mzazi wa kwanza huwa kama bomba fupi gumu lililoelekea nyuma; inabidi ilainike, inywee mpaka iwe kama karatasi, isogee mbele, na kichwa kishuke. Yote hayo yanaweza kutokea mchana mzima huku namba ikibaki 4. Ukiuliza "4 na nini?" ndipo unapata jibu. 4 ya shingo nene siyo 4 ya shingo iliyokwisha.

#14 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Mwanagenzi endelea na shule, hiyo umeifafanua vizuri kuliko baadhi yetu tulio kazini.

Mimi kwa kawaida kabla sijaingiza vidole naweka kiganja juu ya tumbo, saa mkononi, dakika 10 kamili. Uchungu unaanza juu karibu na mbavu, tumbo linapanda na kuwa gumu kama paji la uso, halafu linaachia. Nahesabu ni mara ngapi na kila mmoja unadumu sekunde ngapi. Leba iliyoshika kasi mara nyingi inakupa 3 mpaka 5, kila mmoja sekunde 40 na zaidi. Zikipita 5 kwa dakika 10 napata wasiwasi, maana mtoto hapati nafasi ya kupumzika.

#15 Haraka Haraka
Lakini si wangemwekea dripu ya kuongeza uchungu ile saa 10 jioni yaishe?

#16 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Hapana. Kama mama na mtoto wako salama, mwongozo hautaki tuharakishe kabla ya sentimita 5. Dripu ikiwekwa mapema unajikuta unafuatilia tatizo ambalo halikuwepo, na mwisho wake unaweza kuwa upasuaji. Kinachotakiwa ni maji ya kunywa, kutembea akiweza, kulala akiweza, mkojo, mtu wa kumsugua mgongo. Hapo ndipo naona dada Tumaini alipoonewa. Kwa kuwa aliambiwa "hujaanza", hakuna aliyemhudumia kama mtu aliyeanza.

#17 Shangazi Yenu
Sina la kuongeza hapo. Pole mwanangu.

#18 Wa Tatu Njiani
Nauliza nje kidogo ya mada. Mimi nilidhani leba inaanza chupa ikipasuka. Kwenye filamu zote maji yanamwagika kwanza.

#19 Mgongo wa Chuma
Filamu zimetupotosha. Yangu ilipasuliwa na mkunga nikiwa 8. Dada yangu mtoto alitaka kutoka na chupa yake nzima.

#20 Mwanagenzi
Kwa mimba iliyotimia, kama mama 1 kati ya 10 ndiye maji yake yanatangulia uchungu, wengine wote yanafuata baadaye. Yakitangulia nenda kituo cha afya hata kama huumwi, kwa sababu mlango wa maambukizi umefunguka. Na uangalie rangi. Yakiwa ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, usisubiri chochote. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni kawaida, shingo ya kizazi inafunguka. Damu mbichi inayotiririka siyo kawaida.

#21 Baba wa Wawili
Sasa na mimi niwarushie moja. Nani anaamua siku? Mtoto, mama, au kondo la nyuma?

#22 Mwanagenzi
Baba umegusa penyewe. Miaka ya 1960 daktari wa New Zealand, Graham Liggins, aliona kwa kondoo kwamba anayeamua ni mtoto: tezi iliyo chini ya ubongo wa kijusi ikiondolewa uchungu hauji, na akipewa homoni ya kotisoli uchungu unakuja kabla ya wakati. Utafiti huo ndio uliozaa sindano za kukomaza mapafu wanazopewa akina mama wenye uchungu wa mapema. Kwa binadamu kotisoli haianzishi uchungu, kwa hiyo jibu la kondoo halitutoshi. Wapo wanaosema ni kondo lenyewe, lina homoni inayopanda taratibu kama saa iliyotegwa. Wapo wanaosema ni mji wa mimba kuvutika mpaka mwisho, na ndiyo maana wenye mapacha huwahi. Na wapo wanaosema ni projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba: kwa wanyama wengi inashuka ndipo uchungu unaanza, kwetu haishuki kwenye damu, ila mji wa mimba unaacha kuisikiliza.

#23 Shangazi Yenu
Mimi naegemea kwa mtoto. Wangu wote walijua wakati wao.

#24 Kalamu Nyekundu
Mimi kondo. Turudi kwenye hatua, hatujagusa ya pili. Tumaini anasema alifika 10 saa 7 usiku, akasukuma karibu saa 2. Alianza pale pale kusukuma au alisubiri?

#25 Tumaini la Kwanza
Pale pale. Walisema "imefunguka yote, sukuma", na mimi sikuwa nasikia hamu yoyote. Nilisukuma kwa kuambiwa, nikichunguliwa, nikaishiwa nguvu. Baada ya muda nikasikia kitu kama haja kubwa isiyozuilika na mwili ukaanza kusukuma wenyewe. Hapo nilikuwa nimeshachoka.

#26 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Hatua ya pili nayo ina vipande viwili. Njia imefunguka lakini kichwa bado kiko juu, mama hana hamu. Halafu kichwa kinashuka, kinagusa misuli ya chini, mwili unaitikia. Kama mtoto yuko salama tunaweza kungoja ile hamu. Kwa uzazi wa kwanza hatua nzima kwa kawaida inaisha ndani ya saa 3, kwa uzazi unaofuata ndani ya 2. Na mlalo siyo lazima uwe chali. Kwa ubavu, kuchuchumaa, kupiga magoti, anakochagua mama.

Kitu kingine, ukiona mtu anapanda juu ya tumbo na kulikandamiza ili mtoto atoke, kataa. WHO hawaipendekezi.

#27 Mama Watatu
Mimi wa kwanza walinikandamiza. Mbavu ziliniuma wiki mbili. Nilidhani ndivyo inavyofanywa.

#28 Aliyerudi
Huwa nasoma tu siandiki, ila naona mnaikimbia hatua ya tatu kama haina kitu. Mimi hapo ndipo nilipokaribia kufa.

Mtoto alitoka vizuri. Wakamweka kifuani kwangu bila kumkata kitovu. Nilikishika kwa vidole viwili, kilikuwa kinene, cha bluu, kinadunda kama mshipa wa shingo. Polepole kikaacha kudunda, kikawa cheupe na laini, wakakata. Kondo likatoka baada ya dakika chache. Watu wakapongezana, wakaenda kwa mama mwingine. Mimi nikasikia joto chini ya mgongo. Nikadhani ni maji. Nikasikia usingizi mtamu sana, sauti zinaenda mbali. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na uchungu wake mwenyewe, ndiye aliyepiga kelele "huyu analowa!"

Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki ndani. Niliongezewa damu chupa 3. Hospitali siitaji, wapo waliokimbia kuniokoa hapo hapo.

#29 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Aliyerudi, nimesoma nikasimama. Asante kwa kuandika.

Kwa wengine: mara mtoto anapotoka mama anatakiwa apate sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10. Kitovu kisubiri dakika 1 mpaka 3 kama mtoto anapumua vizuri. Kondo likizidi dakika 30 halijatoka, hilo ni tatizo. Likitoka linageuzwa na kuangaliwa pande zote mbili, kila kipande kiwepo. Damu ikifika mililita 500 ni kutoka damu kupita kiasi, na macho huwa yanakadiria pungufu. Na saa 2 zinazofuata mkono wa mtu unatakiwa uwe unarudi tumboni kwako mara kwa mara kuona kama mji wa mimba umekaza, mgumu. Ukiwa laini, kuna damu. Wewe mama au ndugu yako mnaweza kuugusa, mwombe mkunga akuonyeshe.

#30 Baba wa Wawili
Hili la kugusa hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa pale na mikono yangu miwili.

#31 Tumaini la Kwanza
Nawashukuru wote. Pole sana Aliyerudi. Nimesoma na mtoto yuko kwenye ziwa. Kati ya kisogo, kibofu, hofu na shingo nene bado sijui kipi ni changu, labda vyote. Ila lile neno la Mkunga kwamba nilikuwa ndani tangu Alhamisi nimelisoma kwa sauti, mama yangu akalia.

#32 Haraka Haraka
Kwa hiyo karatasi ibaki na saa 9?

#33 Kalamu Nyekundu
Ibaki, ila juu yake paandikwe na saa uchungu ulipoanza. Karatasi nyingi zina nafasi hiyo, haijazwi tu.

#34 Wa Tatu Njiani
Wakuu samahani nawaingilia tena. Nina wiki 39 na siku 2. Tangu jioni tumbo linakaza kila dakika 12 hivi. Mtoto anacheza vizuri, maji bado. Wawili wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji wa kupangwa, kwa hiyo uchungu siujui. Nitajuaje kama ni wenyewe au ule wa uongo?

#35 Mkunga wa Zamu ya Usiku
Dada, kwa kovu la upasuaji mara mbili wewe husubiri wala huhesabu. Wa uongo hupotea ukitembea au ukijilaza, wa kweli husogeleana na kuongezeka nguvu, lakini tofauti hiyo waachie wasio na kovu. Wewe nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji sasa hivi, na ukifika sema neno la kwanza "nimepasuliwa mara mbili".

#36 Wa Tatu Njiani
Sawa mama. Mume wangu ameshachukua begi, tunatoka.

#37 Mama Watatu
Mungu awatangulie. Mwambie mumeo aandike ulianza saa ngapi, ile ya kwanza kabisa.

#38 Wa Tatu Njiani
Ameandika. Saa 11 na dakika 20 jioni.